Kwa Nini Eropleni Haianguki?

Ukipita Goweko kwa gari la moshi kwenda Tabora, toa kiganja dirishani (kwanza tazama kama hakuna nguzo wala matawi!). Kilaze bapa: upepo wapita tu. Inua kidogo upande wa mbele: mkono wapanda wenyewe! Kiganja huusukuma upepo chini, nao hukisukuma juu. Bawa la eropleni hufanya vivyo hivyo, na mgongo wake uliopinda huuongoza upepo ushuke nyuma yake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuinua huwa mara nne.

Lakini bawa likiinuliwa mno, upepo huacha kuufuata mgongo wake, na eropleni huporomoka. Ikiwa karibu na ardhi, rubani hana nafasi ya kuiokoa. Wengi wamekufa hivyo.

Tena Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na jua la saa saba huizidishia wepesi. Basi eropleni hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Rubani mwenye akili hupunguza mzigo, au huondoka asubuhi. Tai yeye hungoja jua likolee, maana hewa ya moto ipandayo humchukua bure.