Krismasi ya Slaidi za Maji: Soma Hii Kabla Hujatuma Depositi

Ukikaa Isiolo unajua Desemba inavyokuja. Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, na mmoja wao ameona kwenye simu ya mtu video ya hoteli fulani ya Mombasa: slaidi za maji zimejikunja kama nyoka, bembea kila kona, na mtu amevaa nguo za Father Christmas akitembea ufukweni bila viatu. "Mama, sisi tutaenda lini?" Swali hilo haliulizwi kwa Wakristo peke yao. Hapa kwetu majirani Waislamu nao wana watoto, na likizo ni ya wote.

Sisi watu wa Isiolo tuliahidiwa ya kwetu. Kwenye mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa kule Lamu Machi 2012, Isiolo iliwekwa iwe na mji wa mapumziko upande wa Kipsing. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni vijana wakubwa. Kwa hivyo, ukitaka hoteli yenye slaidi, bado unasafiri: Nairobi ni kilomita 270 hivi, na kutoka hapo Mombasa ni kama 480 nyingine. Maana yake ni kwamba unalipa mahali ambapo hujawahi kukanyaga, unamlipa mtu hujawahi kumwona, na unalipa wiki kadhaa kabla ya kupata chochote. Hapo kwenye malipo hayo ya awali ndipo watu huumia.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Anauza maziwa ya ngamia, yale yanayopakiwa kwenye mabasi ya kwenda Eastleigh. Yeye na wenzake watatu walichanga polepole tangu Juni ili kuwapeleka watoto Mombasa. Mwishoni mwa Novemba bango likazunguka kwenye WhatsApp: siku tatu, chakula chote, watoto chini ya miaka 12 bure, "nafasi zimebaki tano tu". Namba ilikuwa ya simu ya kawaida. Aliyepokea alikuwa na adabu, akamwita "mum", akatuma picha za vyumba na hata risiti yenye nembo ya hoteli. Shangazi akatuma shilingi 28,000. Tarehe 20 Desemba akapata wazo la kupiga simu hotelini kwenyewe kuuliza kama kuna jiko la kupasha chakula cha mtoto mdogo. Jina lake halikuwepo. Bango lile halikuwa lao. Namba ya yule kijana mwenye adabu ilikuwa imezimwa.

Kilichoniuma ni kwamba shangazi si mjinga wa simu. Mteja wa Eastleigh akichelewa kulipa maziwa, anajua ni nani, anajua ni shilingi ngapi, na meseji anayo. Lakini amezoea kupokea kutoka kwa watu anaowajua. Kulipa mtu usiyemjua ni kazi nyingine, na hakuna aliyewahi kumweleza. Mimi ninayefanya kazi hii ya malipo ya simu kila siku sikuwa nimemweleza.

Namba ya simu, Till na Paybill si kitu kimoja

Ukituma pesa kwa namba ya simu, unampa mtu binafsi. Mtandao hauna habari kama ulikuwa unanunua chumba, unalipa deni ama unamsaidia ndugu. Pesa ikifika ni yake, anaweza kuitoa kwa wakala dakika hiyo hiyo, na kumbukumbu inasema tu kwamba fulani alimtumia fulani. Namba ya simu inafaa kwa watu unaowajua.

Till na Paybill ni akaunti za biashara. Ili kuzipata, mwenye biashara hupeleka stakabadhi zake. Kwa Till, mnunuzi hakatwi ada ya kulipa. Kwa Paybill unaweza kukatwa, inategemea biashara imechagua nani abebe gharama. Hoteli nyingi hupenda Paybill kwa sababu ina sehemu ya namba ya akaunti, ambako unaandika namba ya ankara yako ama jina la aliyeshika nafasi. Hiyo namba ya akaunti usiichukulie mchezo. Ukiiandika vibaya, pesa inafika hotelini sawa, lakini haijulikani ni ya nani, na Desemba mtu wa uhasibu ana malipo mengi ya kufuatilia kuliko yako.

Kuna pia Pochi la Biashara, ambayo hutumia namba ya simu kupokea pesa za biashara. Ni kitu kizuri kwa mama mboga na fundi wa viatu. Ila hoteli yenye vyumba mia ikikwambia ulipe kwa njia hiyo, mimi ningepiga simu kwanza.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: jina. Kabla ya kukamilisha malipo unaonyeshwa jina la anayepokea. Watu husema, "Hakikisha jina ni la hoteli." Ni ushauri mzuri, lakini haujakamilika, kwa sababu jina linalotokea mara nyingi ni lile la kampuni iliyosajiliwa, na si lazima lifanane na lililoandikwa kwenye lango. Hoteli inaweza kujulikana kwa jina la samaki fulani wa baharini na kampuni yake ikaitwa kitu tofauti kabisa chenye "Limited" mwishoni. Usikisie. Uliza hotelini mapema: "Nikilipa, jina gani litatokea?" Waambie wakuandikie kwenye ankara. Likitokea jingine, ghairi.

Na ukisema "uliza hotelini", namba ya kuuliza isiwe ile iliyo kwenye bango. Itafute wewe mwenyewe, kwenye tovuti ya hoteli ama kwa mtu aliyewahi kulala huko. Tapeli hufurahi sana ukimpigia yeye kuuliza kama yeye ni tapeli.

Haraka yenyewe si uongo mtupu, ndiyo maana inatunasa. Vyumba vya Krismasi huisha kweli. Hata Marekani, ambako Walt Disney alifungua Disneyland mwaka 1955, wiki kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hufurika watu, na wanaopanga vizuri hununua tiketi mapema. Kwa hivyo hoteli halali nayo itakuomba malipo ya awali. Tofauti ni kwamba hoteli halali itakungoja upige simu moja zaidi.

Kurudisha pesa kunafika wapi

Kwa wanaotumia M-Pesa, ukikosea namba unatuma ile meseji ya uthibitisho kwenda 456 kuomba irudishwe. Fanya hivyo mara moja, usingoje kesho. Lakini elewa huduma hii imewekwa kwa ajili ya makosa, kwa mfano ulitaka kumtumia Halima ukamtumia Hamisi. Pesa lazima iwe bado iko kwa aliyepokea, na akipinga, jambo linachukua muda. Haikuwekwa kusuluhisha "chumba hakifanani na picha". Hilo ni kati yako na hoteli, na ndipo ankara yenye masharti ya kughairi inapokusaidia.

Ukigundua umetapeliwa, tuma namba ya tapeli kwenda 333 kwa laini ya Safaricom, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe kwenye OB. Usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakutia hasira. Shangazi alifuta yote usiku ule, na asubuhi alipofika kituoni alikuwa na meseji moja tu ya kuonyesha.

Mambo mengine ya njiani kwa haraka. Kwa M-Pesa, muamala mmoja haupiti shilingi 250,000 na siku nzima haipiti 500,000, kwa hivyo chama kikubwa kinacholipa salio lote kipange siku mbili. Kama mna mweka hazina, kila mtu amtumie mara moja badala ya vipande vipande, kwa sababu ada hukatwa kila unapotuma. Treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa hukatiwa tiketi kwa *639# na kulipwa kwa simu. Desemba hujaa mapema, kwa hivyo kata tiketi kabla hujamaliza kulipa hoteli. Mkipanga kupitia mbuga zilizo chini ya KWS, malipo ni ya eCitizen, Paybill 222222. Buffalo Springs na Shaba hapa kwetu ni za kaunti, kwa hivyo ziulizie kivyake. Na ukifika kwenye slaidi, simu ibaki kwa mtu mkavu. Asiwe mtoto anayejua PIN yako.

Krismasi ile watoto hawakwenda Mombasa. Wazazi walikodi matatu siku ya Boxing Day wakawapeleka Buffalo Springs, wakaona tembo na pundamilia, wakala pilau chini ya mti. Mdogo kabisa aliuliza mara tatu slaidi ziko wapi.

Mwaka huu walianza kuchanga Februari. Wiki jana, saa nne usiku, shangazi alinitumia picha mbili za skrini: ankara ya hoteli, na ukurasa wa malipo aliokuwa ameufungua bila kuweka PIN. Chini akaandika, "Angalia hili jina. Kwa ankara kuna herufi S mwisho, hapa hakuna. Nilipe?" Nilimwambia angoje. Asubuhi alipiga hotelini, wakaangalia, wakakiri kwamba waliochapa ankara ndio waliokosea, wakamtumia nyingine. Akalipa saa tano. Saa tano na dakika mbili akawapigia tena kuuliza kama imefika.