Australia: Mwaka mzima milimani, bila simu
Katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, wanafunzi wa miaka 14 na 15 wanakaa mwaka mzima wa masomo milimani, mbali na wazazi na bila simu. Anayetaka kumwambia mama yake habari zake anaandika barua.

Mahali hapo panaitwa Timbertop, karibu na mji wa Mansfield. Ni tawi la Geelong Grammar, shule ya kulipia, lililofunguliwa mwaka 1953 wakati James Darling alikuwa mkuu wa shule. Masomo ya darasani yanaendelea kama kawaida, lakini wanafunzi wanabeba pia mahema na chakula mgongoni na kulala porini.

Kuna pia kazi za nyumbani. Wanaishi kwa vikundi vya watoto wapatao 15 katika nyumba moja, na maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni wanazopasua wenyewe. Mwenye zamu ya moto akizembea, wote wanaoga maji baridi, na wenzake ndio wa kwanza kumuuliza.

Charles, leo mfalme wa Uingereza, alisoma huko mwaka 1966 akiwa na miaka 17. Naye alipasua kuni.

Kwa mtoto wa Masisi au Walungu, kuni na mlima ni kazi ya kila siku, wala hakuna anayeiita somo. Timbertop, wazazi wanailipia pesa nyingi.