Mwalimu wa Kuendesha Gari: Mtazame Kwanza, Kisha Umlipe

Vijana wa Mugunga wanaotaka kujifunza kuendesha gari hutuuliza kwanza hivi: permi inapatikana wapi upesi? Tunaona ni swali baya. Mmoja wetu hapa redioni alipata permi kabla ya kujua kurudisha gari nyuma. Mwalimu wake alimzungusha uwanjani siku nne, akapokea pesa, basi. Siku ya kwanza peke yake kwenye barabara ya Sake, chukudu yenye mizigo ya makala ilikatiza mbele yake. Alitaka kukanyaga freni, akakanyaga mafuta. Kijana wa chukudu aliruka, akapona. Makala tulichanga tukayalipa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa franga, omba kukaa kiti cha nyuma saa moja, mwalimu akimfundisha mwingine. Angalia kama gari lina freni ya pili upande wa mwalimu. Bila hiyo, kosa lako atalizuia kwa kelele tu. Moteri ikizimika, je, anaeleza ama anatukana? Mwanafunzi anayetukanwa hutazama uso wa mwalimu, hatazami barabara.

Tazama tena volani iko upande gani. Kongo tunaendesha upande wa kuume, sawa na Rwanda, lakini magari mengi hapa Goma yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Uganda na Kenya. Volani yake iko kuume. Ukiwa nyuma ya lori na gari la namna hiyo, huoni kinachokuja mpaka umekwisha kuingia katikati ya njia. Mwalimu anayejua kazi atakufundisha kubaki mbali na lori ili uone mbele, na kungoja. Asiyekutajia jambo hilo hajakufundisha kupita lori, hata kama umemaliza masomo yake yote.

Uliza atakupeleka wapi. Uwanja ni wa mwanzo tu. Baadaye mtoke saa ya watoto kurudi kutoka shule, na siku ya mvua, na pikipiki zikiwapita pande zote mbili.

Juu ya pesa: uliza utashika volani dakika ngapi. Wanafunzi wanne katika saa moja ni dakika kumi na tano kwa kila mmoja. Dai karatasi ya malipo. Breve ya shule si permi. Permi inatoka serikalini.

Dada zetu, mkono wa mwalimu una kazi kwenye volani na vitesi tu. Ukienda kwingine, mwambie asimamishe gari, ushuke. Ni vizuri kujifunza wawili wawili.

Yule mwenzetu alitafuta mwalimu mwingine, baba mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Wiki nzima ya kwanza alimfundisha kusimama tu.