Kujinakili na Kudumu kwa Virusi vya Papiloma katika Seli za Mwenyeji: Maana Yake kwa Chanjo na Uchunguzi katika Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Chanjo dhidi ya virusi vya papiloma vya binadamu, vijulikanavyo kwa kifupi HPV, ilianza kutolewa Tanzania nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa, na wasichana wa miaka 9 hadi 14 wakaanza kupewa dozi moja. Mama wa msichana huyo hamo katika walengwa wa chanjo. Yeye huelekezwa kwenye uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambao hulenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Tofauti hiyo huweza kudhaniwa kuwa imesababishwa na uhaba wa dozi pekee. Makala hii inafafanua kuwa ina msingi wa kibayolojia, unaotokana na namna virusi hivi vinavyojinakili na kudumu ndani ya seli. Aidha, inaonesha uzito wa jambo hilo kwa wakazi wa mikoa ya Iringa na Mbeya.

2.0 Kuingia na Kujinakili

HPV ni virusi vidogo vyenye DNA ya umbo la duara, yenye takriban jozi 8,000 za besi, iliyofunikwa na ganda la protini za L1 na L2. Virusi huingia kupitia michubuko midogo ya ngozi au utando laini na kufikia seli za tabaka la chini kabisa, ambazo ndizo zinazogawanyika na kuzalisha seli za matabaka ya juu.

Virusi hivi havina kimeng'enya chao cha kuunda DNA. Hutegemea vimeng'enya vya mwenyeji. Protini ya E2 hushika sehemu ya DNA ya virusi ambapo unakili huanzia na kuileta protini ya E1, ambayo hutenganisha nyuzi mbili za DNA ili vimeng'enya vya seli vifanye kazi. Katika tabaka la chini unakili huwa wa kiasi: kila seli hubaki na nakala chache, kwa kawaida makumi hadi takriban mia moja. Seli inapogawanyika, E2 huifunga DNA ya virusi kwenye kromosomu za mwenyeji, hivyo kila seli changa hupata mgao wake.

Unakili mkubwa hutokea baadaye, seli zinapopanda matabaka ya juu. Kwa kawaida seli hizo zingekuwa zimeacha kuunda DNA. Protini ya E7 huidhoofisha protini ya mwenyeji iitwayo pRb, ambayo huzuia mgawanyiko, huku E6 ikisababisha kuharibiwa kwa p53, mlinzi wa seli iliyodhurika. Hapo ndipo nakala huongezeka maradufu, L1 na L2 huundwa, na virusi vipya hutoka pamoja na seli zinazobambuka zenyewe.

3.0 Sababu za Kudumu

Mpangilio huo ndio unaovificha virusi. Haviui seli kwa kuzipasua, hivyo uvimbe unaoweza kuamsha kinga ni mdogo. Havisambai kupitia damu. Protini za ganda, ambazo kinga huzitambua kwa urahisi, huundwa tu katika seli zinazokaribia kubambuka. Zaidi ya hayo, E6 na E7 hupunguza ishara za tahadhari ambazo seli hutoa inapovamiwa.

Hata hivyo, maambukizi mengi hudhibitiwa na seli T za kinga ndani ya takriban miaka miwili. Hatari imo katika machache yanayodumu, hasa ya HPV16 na HPV18, aina zinazohusishwa na takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Kadiri maambukizi yanavyodumu, ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa DNA ya virusi kujipachika ndani ya kromosomu za mwenyeji. Mara nyingi tukio hilo huvunja jeni ya E2, ambayo ndiyo huzizuia E6 na E7. Kizuizi kikiondoka, seli huendelea kugawanyika huku zikilimbikiza kasoro za kijenetiki.

4.0 Maana kwa Nyanda za Juu Kusini

Chanjo hutengenezwa kwa protini ya L1 na huzalisha kingamwili zinazozuia virusi kuingia. Katika utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, takriban wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV16 baada ya miaka miwili. Lakini seli ya tabaka la chini iliyokwisha kuambukizwa haioneshi L1. Kingamwili hizo hazina cha kushika. Kwa mantiki hiyo, chanjo hukinga bali haitibu.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulionesha kiwango cha VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ulikuwa takriban asilimia 5. VVU hupunguza seli T zilezile zinazodhibiti HPV. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii, na linapendekeza aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, badala ya 30, na kurudia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Kwa mwanamke wa Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, anayehudhuria kliniki ya dawa za VVU, hitaji hilo haliondolewi na chanjo aliyopewa binti yake. Uchunguzi wa kupaka asidi ya siki hauoni virusi; huonesha weupe katika seli zenye viini vikubwa na protini nyingi, yaani mabadiliko ambayo E6 na E7 zimeyachochea. Kipimo cha DNA ya HPV hutambua maambukizi yenyewe, hata kabla ya mabadiliko hayo.

5.0 Hitimisho

Virusi vya papiloma hudumu kwa kuufungamanisha unakili wao na maisha ya seli ya mwenyeji, bila kuiua na bila kujionesha. Kwa hiyo chanjo na uchunguzi haviwezi kuchukuliana nafasi: chanjo hufunga mlango kabla virusi havijaingia, na uchunguzi huwahudumia wale ambao tayari vimo ndani. Pale ambapo VVU vimeidhoofisha kinga ya wanawake wengi, kama ilivyo Iringa na Mbeya, kuunganisha uchunguzi huo na huduma za kliniki za VVU ni hatua inayodaiwa na biolojia ya virusi vyenyewe.