GOLOLI ZA HABU ALIPE NANI?

Wafanyakazi wenzetu mlio mbali huenda mmesikia kwamba jina la bodaboda lilitokea hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda". Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli bado zinabeba mahindi, makaa na kreti za soda. Wengi wetu hatuna baiskeli zetu. Tunakodi kwa tajiri na kumpelekea hesabu yake kila jioni.

Ugomvi huanza habu ya nyuma inapolia. Tajiri husema gololi ni kama pancha, alipe mwendeshaji. Sisi katika kamati tunasema sivyo. Pancha ni ajali ya njiani. Gololi huliwa kidogo kidogo na mzigo wa kila siku, na mzigo huo ndio unaomlisha tajiri.

Anayebisha na afungue habu aone. Baiskeli zetu nyeusi za kawaida zina gololi 9 za robo inchi kila upande wa gurudumu la nyuma. Mbele ni gololi 10 za 3/16 ya inchi kila upande. Tofauti ni ndogo, na muuza duka anayechota kwa kiganja kutoka kopo moja atakuchanganyia bila hata kukusudia. Nunua za pakiti, usome kipimo chake. Kuchukua ya zamani kama mfano hakutoshi, kwa sababu iliyolika imekwisha pungua.

Wapo mafundi wanaotoa gololi 3 zilizopasuka na kutia 3 mpya. Hiyo ni hasara tupu. Mpya ni nene kuliko zilizolika, basi uzito wote unaziangukia hizo 3. Ni kama watu 9 kubeba gogo begani na 6 kati yao ni wafupi. Badilisha zote, pande zote mbili.

Halafu koni. Ioshe kwa mafuta ya taa, uifute, upitishe ukucha pale gololi zinapozungukia. Ukucha ukikwama, kuna vishimo, na koni hiyo itakula gololi mpya upesi. Heri koni, maana hununuliwa peke yake. Kikombe kikichimbika ndani ya habu, mara nyingi ni habu nzima.

Kufunga kunataka subira. Jaza grisi kwenye kikombe ili gololi zishike. Upande wa friwili ziko ndani sana, zisukume kwa ncha ya njiti ya spoku. Pakibaki upenyo mdogo kati yao, uache hivyo. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, irudishe kidogo, kisha ishike kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya nje. Hapo ndipo wengi hushindwa: nati inapokazwa husukuma koni ndani, gurudumu likawa zito. Legeza uanze tena. Kabla ya kurudisha mnyororo, tikisa ringi kushoto na kulia, lisicheze. Kisha liachilie: uzito wa valvu peke yake uligeuze polepole mpaka valvu iwe chini.

Madai yetu ni haya. Gololi, koni na grisi anunue tajiri. Kazi ya kufunga tutafanya wenyewe, na siku ya matengenezo isihesabiwe hesabu. Tajiri mmoja amekwisha kubali, baada ya kuwekewa mezani koni iliyochimbika kama mhindi uliopukuchuliwa. Wengine wanasema wataona.

Tunakutana nao Jumamosi. Kila mwenye koni iliyolika aje nayo, aifunge kwenye karatasi, aandike juu yake baiskeli ni ya nani na amelipa mara ngapi mwaka huu.