Amana Iliyoingia Katika Simu

Alasiri moja, tukibarizi Raskazone, Tanga, simu ya kijana wetu ilipokea ujumbe kwamba ameingiziwa shilingi 60,000. Mara akapiga mtu tusiyemjua, akasema amekosea tarakimu moja, na fedha hizo ni za dawa ya mamaye. Akaomba zitumwe papo hapo kwa namba nyingine. Kijana akaingiwa na huruma, akataka kuzituma.

Tulimzuia, wala si kwa tamaa. Mali ya mtu ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe, si kwa kila aidaiye. Ujumbe huweza kughushiwa. Salio ndilo shahidi. Tulipolitazama, fedha zilikuwamo kweli.

Tukaipigia kampuni. Baada ya kungojeshwa kitambo, bibi mmoja alitueleza kwa adabu: mkizituma wenyewe, kisha mtumaji akaomba muamala urudishwe, fedha zitawatoka mara mbili. Basi tukamwambia mtu yule aipigie kampuni, nasi hatukugusa hata senti.

Kesho yake zilimrudia, akatushukuru. Kumbe namba ile ya pili ilikuwa ya mwenye duka la dawa! Dawa ilichelewa usiku mmoja, nasi twaona uchungu hata leo.

Enyi vijana, lisomeni jina la mpokeaji kabla ya kutia namba ya siri. Mkishuku utapeli, ipelekeni namba hiyo kwa 15040. Na kisicho chenu kikiwaingilia, kilindeni hata kimfikie mwenyewe.