Kuondoa Madoa Sugu katika Boti la Mpira la Chama

Boti la mpira linalojazwa hewa ni chombo kigeni kidogo katika fukwe zilizozoea ngalawa, mashua na mtumbwi. Hata hivyo, pale ambapo chama cha wavuvi au cha watembeza wageni kimepata boti la namna hiyo kwa ajili ya uokoaji, doria au kuwavusha watu, hugunduliwa upesi kwamba ni chombo chepesi, hakizami kwa urahisi na huweza kutua ufukweni pasipo gati. Mwaka 1952 daktari Mfaransa, Alain Bombard, alivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari hadi Barbados kwa boti la aina hiyo, akitumia siku 65. Tangu hapo hapakuwa na haja tena ya kuuliza kama mpira na hewa vinaweza kuyastahimili mawimbi.

Shida hutokea chombo kinaporudi nchi kavu. Boti huwa limeingia damu ya samaki, mafuta ya mashine, ukoga wa kijani na kutu ya nanga. Wanachama wenye nia njema hulisugua kwa petroli, msasa na brashi ya waya, kama walivyozoea kufanya kwa chombo cha mbao. Doa huondoka, na pamoja nalo huondoka sehemu ya ngozi ya boti. Miezi michache baadaye maungio huanza kuvuja, na chama hulazimika kutafuta fedha za kununua boti jingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hiyo.

NGOZI YA BOTI IMETENGENEZWA KWA NINI

Katibu anayetunza mali hii hana budi kwanza kujua boti la chama chake ni la aina gani. Maboti mengi hutengenezwa kwa kitambaa imara cha nyuzi za poliesta au nailoni kilichopakwa tabaka lisilopitisha hewa wala maji. Unene wote kwa kawaida hukaribia milimita moja tu. Tabaka hilo huwa la aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni plastiki iitwayo PVC. Plastiki hii kwa asili yake ni ngumu. Hulainishwa kiwandani kwa kuchanganywa na vilainishi vya mafuta. Vilainishi hivyo vikitolewa na petroli, thina au jua kali la muda mrefu, ngozi hukauka na kupasuka, au hunata mikononi. Hali hiyo ikisha kuingia haitibiki kwa kuosha.

Aina ya pili ni mpira wa viwandani uliojulikana sana kwa jina la Hypalon. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliacha kuutengeneza mwaka 2010, lakini mpira wa namna hiyo bado hutengenezwa na viwanda vingine. Huu hustahimili jua na mafuta kuliko PVC. Maungio yake, hata hivyo, hushikwa kwa gundi, na gundi hiyo hulegezwa na vimiminika vikali.

Mara nyingi PVC hung'aa na ni laini kwa kugusa, na maungio yake huweza kuwa yameunganishwa kwa moto. Mpira wa aina ya pili hufifia bila kung'aa, na upande wa ndani mara nyingi huwa mweusi. Dalili hizi husaidia, lakini ushahidi ulio bora ni kitabu cha mtengenezaji na kibao kilichobandikwa botini. Kibao hicho huonyesha pia idadi ya watu, uzito na kiasi cha hewa kinachoruhusiwa. Kisisuguliwe hata maandishi yakafutika.

KANUNI TANO KABLA YA KUGUSA DOA

1. Anza na kilicho dhaifu, malizia na kilicho kikali. Maji baridi huja kwanza, kisha maji na sabuni, kisha dawa nyingine. Madoa mengi huishia kwenye hatua ya pili.

2. Jaribu kila dawa mahali palipofichika, mfano chini ya kitako cha boti, na ungoje mpaka pakauke. Rangi ya boti ikihamia kwenye kitambaa au ngozi ikanata, dawa hiyo isitumike.

3. Fanya kazi kivulini, boti likiwa limejazwa hewa ya kutosha kunyoosha mikunjo. Juani sabuni na dawa hukauka kabla hazijafanya kazi, zikaacha madoa mapya. Hewa nayo hutanuka. Boti lililojazwa hadi shinikizo la baa 0.25 asubuhi kukiwa na nyuzi 25 za Sentigredi huweza kufikia baa 0.35 hewa iliyo ndani ikipata nyuzi 50. Kwa hiyo boti likibaki juani, hewa ipunguzwe.

4. Ondoa mchanga wote kwa maji mengi kabla ya kusugua. Anayesugua boti lenye mchanga analipiga msasa bila kujua. Mchanga uliojificha kati ya sakafu na mirija ya hewa ndio ulao ngozi zaidi, kwa hiyo sakafu ing'olewe.

5. Tumia sifongo, kitambaa au brashi ya nywele laini. Pampu ya maji yenye nguvu isielekezwe kwenye maungio, viraka au vali.

DOA NA DAWA YAKE

Damu na utelezi wa samaki. Oshea maji baridi mapema iwezekanavyo, kisha sabuni ya maji isiyo kali. Maji ya moto yasitumike, kwa sababu huigandisha damu kama yanavyoligandisha yai. Doa la zamani lilowekwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa nusu saa, ndipo lisuguliwe.

Mafuta ya samaki na weusi wa kawaida. Changanya soda ya kuokea mikate na maji kidogo hata iwe uji mzito, paka kwa kitambaa, sugua kwa mzunguko na kusuuza. Itumike soda ya kuokea ya dukani, si magadi ya ziwani ambayo ni makali zaidi. Mafuta haya yasidharauliwe. Boti linukalo samaki likiwekwa stoo huwaita panya, na panya hutoboa ngozi kwa usiku mmoja.

Ukoga wa kijani na mstari wa maji. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa ipakwe na kuachwa kwa muda wa dakika 10, kisha isuguliwe na kusuuzwa. Siki hiyo hiyo hulainisha chumvi iliyoganda na mabaki ya chokaa ya vile viumbe vyenye gamba vinavyoshika vyombo baharini. Magamba yenyewe yang'olewe kwa kipande cha mti au plastiki, kamwe si kwa kisu.

Ukungu mweusi. Huota pale boti lilipokunjwa likiwa na unyevu. Kwanza itumike siki au soda. Zikishindwa, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe itumike kwa uangalifu: sehemu moja ya dawa kwa sehemu 10 za maji au zaidi, kwa dakika chache tu, kisha maji mengi. Klorini ikizoeleka hufifisha rangi na kudhoofisha nyuzi.

Kutu. Nanga na minyororo huacha madoa ya rangi ya tofali. Maji ya ndimu au limau pamoja na chumvi kidogo huyafifisha. Yaachwe kwa dakika kadhaa na kusuuzwa vizuri, na vyuma vya karibu visuuzwe pia.

Lami, grisi na mabaki ya gundi. Futa kwanza kinachofutika kwa kitambaa kikavu. Paka mafuta kidogo ya kupikia juu ya doa tu, ngoja lilainike, futa, kisha osha papo hapo kwa sabuni hadi utelezi uishe. Kilichobaki kinaweza kufutwa kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, kwa sekunde chache, baada ya jaribio la mahali palipofichika.

HATARI ZISIZOSAMEHEWA

Petroli, mafuta ya taa, dizeli, thina na asetoni visitumike kuoshea boti. Fundi wa viraka huweza kutumia kimiminika kikali kuandaa mahali pa gundi, lakini yeye hugusa sehemu ndogo kwa muda mfupi naye anajua anachokifanya. Kukieneza kimiminika hicho juu ya boti zima ni kuyafungua maungio.

Klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Mahali palipopakwa siki pasuuzwe kabisa kabla ya klorini kuguswa, na kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, mikono ikiwa na glavu.

Mabaharia wa pwani walizihifadhi jahazi zao kwa sifa na deheni, na walikuwa sahihi, kwani mbao huyahitaji mafuta. Boti la mpira halina haja hiyo. Mafuta yakikaa juu yake huipunguzia ngozi uhai. Vivyo hivyo dawa za kung'arisha zenye silikoni huacha utando unaozuia gundi ya kiraka kushika, na siku boti likitoboka, fundi hupata taabu isiyo ya lazima.

Mwisho, maji ya sabuni na klorini yasimwagwe ziwani au baharini. Boti lioshwe mbali na ukingo, mahali ambapo ardhi itayanywa maji hayo. Si busara kwa wavuvi kuyatia sumu maji wanayoyategemea kwa riziki.

DOA LISILOTOKA

Yapo madoa ambayo hayatatoka. Mfano ulio wazi ni weusi wa matairi yaliyotundikwa kwenye magati. Baadhi ya dawa zilizomo ndani ya tairi huhamia polepole katika PVC, na doa huwa limo ndani ya ngozi yenyewe, si juu yake. Kulisugua ni kuichuna ngozi. Njia ya kufaa ni kinga: tairi lifunikwe kwa turubai au boti lifungwe mahali pengine.

Hapa ndipo busara inapohitajika. Doa lililosalia baada ya maji, sabuni na dawa nyepesi kwa kawaida haliidhuru nguvu ya boti. Anayeendelea kulifuata kwa msasa anabadilisha dosari ya macho kwa dosari ya uhai, kwa maana boti hilo ndilo litakalotumwa siku mwenzake atakapozama. Aliye majini hatauliza kama boti ni jeupe. Atataka kulikuta limejaa hewa.

KAZI YA KATIBU NA HALMASHAURI

Utunzaji hauwezi kuachiwa kila mtu, kwa sababu kazi ya kila mtu huishia kuwa kazi ya asiyekuwapo. Yafaa halmashauri ya chama imteue mtunzaji mmoja na msaidizi wake, nao wawe na wajibu huu:

(a) Kuliosha boti kwa maji yasiyo na chumvi kila lirudipo, na kwa sabuni kila juma.

(b) Kulikausha kabisa, ndani na nje, kabla ya kulikunja, na kulinyunyizia poda kidogo kwenye mikunjo ili ngozi isigandane.

(c) Kuliweka juu ya kichanja, mbali na jua, panya, petroli na mafuta ya mashine.

(d) Kuandika katika daftari tarehe, doa lililoonekana, dawa iliyotumika na hali ya maungio.

Sifongo, sabuni, soda na siki ni vitu vya bei ndogo. Viingizwe katika makadirio ya matengenezo ya mwaka na viwekwe stoo ya chama, ili mtunzaji asilazimike kuazima petroli ya mashine kwa kukosa sabuni. Daftari nalo lisomwe na katibu kila mwezi. Doa la mafuta linalorudi mahali pale pale huonyesha kwamba mrija wa petroli unavuja. Ukungu unaorudi huonyesha kwamba boti hukunjwa likiwa bichi. Kwa katibu makini, doa ni taarifa ambayo haikuletwa na mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Boti la chama limenunuliwa kwa hisa na michango ya wengi, na wengi hulipanda kwa kuliamini. Ndoo ya maji baridi inayotumika jioni ile ile boti lirudipo huokoa mali hiyo kwa gharama ndogo kabisa, na kila chama kinaweza kuanza na ndoo hiyo.